Joho la Kuogea la Baba Shiru

Asubuhi mwanga huingia kwa dirisha dogo la bafu, na vumbi la mtaa wa Jamhuri husimama ndani yake. Halipandi, haliketi. Linasimama tu, kama mgeni aliyebisha hodi mara moja na hana haja ya kubisha tena.

Katika mwanga huo, kwenye msumari wa mlango, huning'inia joho la kuogea la Baba Shiru.

Wangeci, mkewe, alilichagua mwenyewe mjini, dukani kwa Fatema, Juni ilipoanza kuuma na mzee akawa anatoka kuoga akitetemeka. Fatema alimtandazia matatu. La kwanza lilikuwa zito, likilowa litakauka lini na baridi hii? La pili lilimkwaruza shavu. La tatu, la rangi ya majani ya chai, lilimpapasa.

Fatema akauliza saizi. Wangeci hakujua namba. Akafumba macho, akafanya duara kwa mikono iliyomkumbatia mumewe miaka arobaini na mmoja, na Fatema, bila kucheka, akazungushia joho duara hilo mpaka likatosha.

"Likimzidi, mama, lirudishe nikubadilishie."

Wangeci hakukumbuka kwamba tangu Pasaka mikono hiyo haikuwa imemzunguka mumewe. Mzee alikuwa amejifunza kupita upande. Mlangoni ana haraka, kitandani ana blanketi lake.

Joho likamtosha. Alitoka bafuni limemjaa kifua na tumbo, akajigeuza mbele yake kama bwana harusi, mkanda fundo moja. Wangeci akashukuru. Mikono yake haikuwa imesahau.

Likamtosha Juni. Likamtosha Julai. Mashavu yakaingia ndani, shingo ikawa ya kijana, pete ikahamia kidole cha kati. Joho bado likamtosha, na hapo ndipo lilipoanza kumtisha Wangeci.

Jumamosi moja akalitoa msumarini alifue. Akaingiza mkono ndani. Lilikuwa kavu. Mtu ameoga sasa hivi, amejifunika, na nguo iliyomfunika ni kavu.

Nyuma ya pipa la maji akakuta beseni lenye kifuniko. Ndani yake sweta tatu mbichi, moja ikiwa ile ya shule ya binti yao Shiru, zimekunjwa vizuri, kama zinavyokunjwa na mtu asiyetaka kumpa mwingine kazi.

Baba Shiru alikuwa amesimama mlangoni na fulana yake.

"Ulikuwa umefurahi sana siku ile," alisema. "Lilinizidi, ila nikaona lisirudishwe."

Wangeci hakumgombeza. Alifikiria asubuhi zote hizo, mzee akivaa sufu juu ya ngozi yenye maji, akitetemeka peke yake nyuma ya mlango, ili yeye asitetemeke kwa hofu jikoni. Akamkumbatia. Mikono ikazunguka, ikapitana, ikaendelea, mpaka kila kiganja kikashika kiwiko cha mkono wa pili.

"Jumatatu tunaenda hospitali, Baba Shiru."

"Tutaenda."

Jumatatu mzee alivaa koti kabla jua halijapanda. Wangeci akarudi bafuni kuzima taa. Joho lilikuwa msumarini, mkanda wake umefungwa, halina mtu. Mwanga wa kwanza ukaingia kwa dirisha dogo, ukapita shingoni, ukashuka mpaka chini bila kugusa kitu.

Na vumbi, lililosimama siku zote hizo, likaanza kuketi mabegani mwa joho polepole, kama mgeni aliyekwisha kufunguliwa mlango.