Pointi ya Mwaka Jana

Katika kiwanda kile cha kufua mashuka ya mahoteli, likizo haikuombwa kwa barua. Ilichezewa. Zamani watu walikuwa wakigombania tarehe mpaka wengine wananuniana mwaka mzima, maana kazi haikuruhusu zaidi ya mtu mmoja kutoka kwa wiki. Msimamizi wao, mama mmoja asiyependa kelele, akachoka. Akasema, "Si mnacheza huo mchezo wenu kila jioni? Basi bingwa wa mwaka ndiye atakayechagua wiki yake kwanza. Wengine mtafuata. Na sitaki kusikia neno."

Mchezo wenyewe ni pikoboli. Uwanja waliuchora kwa rangi nyeupe nyuma ya stoo, wavu wakaushona kwa mashuka yaliyochanika, vibao vya kupigia wakavikata wenyewe. Mpira ni wa plastiki, una matundu kama chujio. Aliyeuleta mchezo ni fundi mashine mmoja mwenye sauti nzito, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kanuni, wakamwita Profesa. Alilosema Profesa likawa sheria.

Huyo Profesa ndiye mtu ambaye Dada Pasi alimchukia kuliko wote duniani.

Dada Pasi alikuwa akisimama kwenye mashine kubwa ya kupigia pasi, analisha mashuka upande huu yanatokea upande ule yamenyooka. Hakuzaliwa na chuki. Jirani akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Lakini mwaka jana, kwenye fainali, alikuwa anaongoza kumi kwa tisa na mpira wa kuanzisha ni wake. Pointi moja tu afike kumi na moja, amshinde kwa tofauti ya pointi mbili kama mchezo unavyotaka. Profesa akautuliza mpira mfupi, ukadunda karibu kabisa na wavu, kwenye lile eneo la hatua tatu fupi wanaloliita jikoni. Dada Pasi akakimbia, akaingia, akaunyanyua kwa ncha ya kibao, ukampita Profesa begani. Watu wakaruka. Amechukua!

Profesa akainua mkono. "Amekanyaga jikoni! Pointi hakuna. Anzisho langu."

"Lakini mpira umedunda kwanza," Dada Pasi alisema.

"Udunde, usidunde, jikoni hapaingiwi. Mimi ndiye niliyewafundisha, au umesahau?"

Nani angebisha? Profesa akaanzisha, akafunga pointi tatu mfululizo, akachukua wiki ile ile ambayo mama yake Dada Pasi alikuwa anapasuliwa jicho katika mji wa mbali. Mama alikwenda na jirani. Bandeji ilipofunguliwa, sura ya kwanza aliyoiona kwa jicho lake jipya ilikuwa ya muuguzi. "Nikamwita mwanangu," Mama alisimulia kwenye simu, akicheka. "Maskini ya Mungu, akaitika tu." Hakulaumu. Angelaumu, pengine binti yake angelala usingizi.

Wiki ya pili baada ya hapo, Dada Pasi akazitafuta kanuni kwenye simu. Zilikuwa za Kiingereza kigumu, akazisoma mstari kwa mstari, kamusi pembeni. Mumewe, kinyozi mwenye utani mwingi, akamchungulia. "Mke wangu, hicho ni kitabu cha mchezo au cha sala? Mbona midomo inacheza?"

Dada Pasi alikuwa amefika kwenye kanuni ya jikoni. Mchezaji haruhusiwi kuupiga mpira ukiwa bado hewani hali amesimama ndani ya eneo hilo, wala nguvu za pigo hilo zisimsukume akaingia. Lakini mpira ukishadunda, aingie tu. Aingie, apige, atoke. Aliirudia mara nne.

"Alinidanganya," akasema. "Mchana kweupe."

"Na kama hakujua?"

"Mwalimu asijue somo lake? Anajua! Na dawa ya moto ni moto."

Hakumwambia mtu kiwandani. Mwaka mzima hakucheza na Profesa hata mara moja. Kila jioni, wengine wakiondoka, aliweka kitambaa karibu na wavu na kuufundisha mpira kukiangukia. Mpango wake ulikuwa hivi: atautuliza mpira jikoni, Profesa atasahau uongo wake na kuingia kuufuata, hapo atamsimamisha mbele ya kiwanda kizima na kumuuliza, leo jikoni panaingiwa? Kisha atamfunga, na akishamfunga atachagua wiki ya pili ya mwezi wa nane. Si kwamba ana shida nayo. Ni wiki ya harusi ya binti yake Profesa. Kadi zilishachapishwa. Naye ajue utamu wa kuhadithiwa sherehe ya damu yako kwenye simu.

Fainali ilichezwa Jumatatu, baada ya zamu ya mchana. Wapakiaji walikaa juu ya vikapu vya mashuka. Msimamizi akashika kazi ya kuhesabu.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mipira mifupi ya Dada Pasi ilinasa wavuni, na Profesa akafika tano yeye ana moja tu.

"Dada, mashine imezima nini?" mpakiaji mmoja akapiga kelele.

"Mwacheni, inapata moto," mwingine akajibu.

Ikapata moto. Alipopata tena anzisho, akalipeleka mshazari, chini ya kiuno kama inavyotakiwa. Likadunda, Profesa akarudisha kwa nguvu, mpira nao ukadunda kwanza upande wa Dada Pasi, ndivyo kanuni inavyodai. Badala ya kupiga kwa nguvu, akaubembeleza. Ukapaa taratibu, ukavuka wavu, ukaanguka jikoni.

Profesa akaja mbio. Dada Pasi akavuta pumzi. Ingia. Ingia, mwongo wee.

Profesa akafunga breki kwenye mstari kama mtu aliyefika ukingoni mwa kisima. Mpira ukadunda mara ya pili mbele ya macho yake.

"Mbili kwa tano!" Msimamizi akahesabu.

Akarudia. Profesa akasimama tena pale pale. Mara ya tatu alijinyoosha, vidole vya miguu nyuma ya rangi, mkono wote mbele, akayumba, akakaribia kuanguka, kisha akajirudisha kama aliyeungua. Pointi ile angeiokoa kwa hatua moja. Alikuwa anaipoteza, anahema, jasho linamtoka, na haingii.

Hapo Dada Pasi akaelewa. Huyu mtu hajui. Hakujua mwaka jana na hajui leo.

Hasira yake ikawa kama shoka lililochomoka mpini. Mwaka mzima alikuwa amemnolea mwongo, na mwongo hakuwapo. Angefurahi, labda. Lakini hapo hapo hasira nyingine ikaingia, yenye mpini wake: kama hakujua, alipata wapi ujasiri wa kuinua mkono ule? Kwa nini hakusema "sina hakika, turudie"? Mama yangu alimwita mgeni "mwanangu" kwa sababu mtu mzima aliona haya kusema sijui.

Akautuliza mwingine. Na mwingine.

"Mnyooshe, Dada Pasi! Umebaki mkunjo mmoja!" watu wakapiga kelele. Kumi kwa tano.

Akashika mpira, akasimama. Ushindi alikuwa nao kiganjani, na ulikuwa na ladha asiyoipenda, kama chai ya jana.

"Profesa," akasema kwa sauti ya kusikika, "mpira ukishadunda, unaruhusiwa kuingia jikoni. Ndivyo kanuni inavyosema. Ingia ucheze."

Profesa akacheka. "Hizo kawadanganye watoto. Nikanyage, ushangilie?"

"Nakwambia kweli."

"Nimewaletea mchezo mimi, leo unifundishe wewe? Anzisha!"

"Shauri yako, kaka yangu."

Akaanzisha. Ukarudi. Akaubembeleza. Profesa akafika mstarini, akautazama mpira, akamtazama Dada Pasi usoni. Mguu wake wa kulia ulinyanyuka. Ukaning'inia. Akaurudisha nyuma.

Kumi na moja kwa tano.

Dada Pasi alipokuwa akifunga viatu, Profesa alimfuata, akaomba kuziona hizo kanuni. Akasoma kwenye simu polepole, kidole kikifuata mstari, akarudi juu, akasoma tena.

"Niliuona mchezo huu dirishani," akasema hatimaye. "Kwenye hoteli fulani, nilipokuwa nikipeleka mashuka. Kila aliyeingia pale alinyang'anywa pointi. Nikajua haparuhusiwi. Kumbe wale waliupiga mpira ukiwa hewani." Akamrudishia simu. "Basi mwaka jana..."

"Ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako." Alisema hivyo wapakiaji wakisikia. Kisha, kwa sauti ya chini: "Ile wiki ya pili ya mwezi wa nane, dada..."

"Kalamu ninayo mimi," Dada Pasi akamkata. "Mwisho wa kuandika ni Ijumaa."

Jumanne Profesa alipita mbele ya ubao wa likizo mara tatu. Haukuwa na kitu. Jumatano alileta mwenyewe vikapu kwenye mashine ya pasi, jambo asilolifanya tangu kuajiriwa, na macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa aproni ulio na kalamu. Dada Pasi akalisha mashuka bila kuinua kichwa. Alhamisi binti alimpigia baba yake simu kazini kuuliza kama ameshapata ruhusa. Dada Pasi alisikia jibu: "Bado, mama. Bado kidogo." Moyo ulimchoma. Akauacha umchome, na kalamu haikutoka mfukoni.

Ijumaa, king'ora cha mwisho kilipolia, alikwenda ubaoni. Akaandika jina lake kwenye mwezi wa sita, wiki ambayo mama yake atapasuliwa jicho la pili. Mwezi wa nane akauacha mweupe. Akamkabidhi Profesa kalamu.

Profesa aliishika kwa mikono miwili. "Ulijua tangu Jumatatu?"

"Tangu ulipokubali mbele ya watu."

"Na ukaniweka siku nne zote hizi?"

"Mama alilala kule siku tatu, kila mlango ukifunguliwa anauliza kama ni mimi. Wewe nimekuongezea moja."

Profesa akageukia ubao, akaanza kuandika.