Mikono Miwili ya Kulia

Mikono yote miwili ilikuwa ya kulia. Ililazwa kwenye nyasi za kilimani, viganja juu, kila mmoja mrefu kuliko kitanda changu, na vidole gumba vyote viwili vimeelekea upande mmoja. Mimi nilisimama kando ya mkono niliotengeneza, mdogo wangu kando ya wake. Nyuma yetu alikuwa Mtakatifu mwenyewe, wa zege, mrefu kuliko jengo lolote la mjini, amenyoosha mikono iliyoishia kwenye vifundo.

Dereva wa kreni alizima injini. Akautazama wangu, akautazama wake, akavitazama viganja vyake mwenyewe, kisha akaenda kutafuta kivuli. Ndiye pekee aliyefanya la maana asubuhi ile.

"Kuna mtu hapa alipewa wa kushoto," nilimwambia Padri. Nilimwambia Padri kwa sababu mdogo wangu siongei naye.

"Na huyo mtu ni yeye," mdogo wangu akamjibu Padri. "Mimi Mzee aliniambia wa kulia."

"Alimwambia saa ngapi? Nyumbani hakanyagi."

"Padri, mwambie huyu mama kwamba nyumbani kwa baba yangu siombi ruhusa."

Padri alishika kichwa. Miaka yote alikuwa akituonyesha picha za sanamu za nchi za watu: Kristo wa juu ya milima, Bikira Maria anayeonekana kutoka baharini, makanisa yenye meno na nguo za watakatifu ndani ya masanduku ya dhahabu. Wivu ulimkaba. Sasa alikuwa na mtakatifu wake wa zege, na Jumapili Askofu angeleta mfupa wa kidole cha huyo Mtakatifu, kipande kidogo kama punje ya mahindi, uwekwe ndani ya kioo kwenye kiganja cha mkono wa kulia. Mmoja. Wa kulia.

Nielezee kidogo, nisije nikaonekana mimi ndiye mgomvi. Baba yetu alikuwa mchonga sanamu, na mimi nimekulia kwenye vumbi la karakana yake. Mteja akija, Baba alikuwa ananishika bega na kusema, "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia." Mdogo wangu alikuwa anasikia, na ninajua ilimuuma. Siku tuliyomzika Mama, watu wakiwa bado wanakunja viti, alipakia kalibu za Baba kwenye pikapu, zile kalibu za kumwagia sanamu alizozitengeneza ujana wake wote, akaenda kufungua karakana ng'ambo ya barabara. Mlango wake unatazama mlango wetu. Anatengeneza watakatifu wa faiba, watupu ndani, unawapiga konzi wanalia kama ndoo. Mtaani wanamwita Faiba, na jina limempata.

Baba alipopigwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukafa, mdomo ukaenda pembeni, na maneno yakawa machache. Nani alimwosha? Nani alimlisha uji kwa kijiko? Si Faiba. Kwa hiyo kamati ya kanisa ilipotugawia mikono ya Mtakatifu, mmoja kwangu na mmoja kwake ili kuepusha maneno, na kusema Mzee ataamua nani atengeneze upi, sikuwa na wasiwasi. Nilimwinamia nikamuuliza, "Baba, wangu ni wa kulia, si ndiyo?" Akasema, "Wa kulia." Yakaisha. Nilitaka mji mzima upande kilimani, uuone ule mfupa, na ujue umelala kwenye mkono uliotengenezwa na nani.

Sisi hatubuni mkono kichwani. Tunachukua wa mtu, tunaupaka mafuta, tunaumwagia plasta, na ile kopi tunaikuza kwa vipimo. Nilichukua mkono wa kulia wa Baba. Siku chache baadaye, nikimkata kucha, niliona weupe wa plasta umerudi chini ya kucha. Nikadhani ni wangu, sikusugua vizuri. Kumbe Faiba alipita nikiwa kanisani, nikisali.

Tulishuka kilimani kwa gari la Padri, Faiba mbele, mimi nyuma. Baba alikuwa uani kwenye kiti chake.

"Baba," nilisema, "ulimwambia nani atengeneze wa kulia?"

Alitutazama mmoja mmoja. "Wote."

"Wote vipi? Mtu ana mikono miwili ya kulia?"

Alihangaika na mdomo wake. Tulisubiri.

"Kati yenu barabara ni moja tu," alisema. "Nilijua mtaulizana."

Padri alikohoa akageukia ukuta. Faiba alikuwa anachunguza viatu vyake. Mimi niliona aibu, na aibu kwangu haikai, inageuka hasira papo hapo. Nilitaka kumwambia Baba kwamba huo ni utoto, kwamba amewachezea watu wazima, kwamba kamati itatucheka hadi tuhame. Lakini alikuwa ameanza kufanya kitu. Kwa mkono wake mzima aliushika ule uliopooza, akaunyanyua kama unavyonyanyua mtoto aliyelala, akauweka juu ya meza mbele yetu. Umejikunja ngumi, vidole vimekauka, kucha zinagusa kiganja.

"Huu," alisema, "hakuna aliyeutaka."

Mimi ndiye ninayeuosha kila siku. Ninauosha haraka haraka, nikitazama pengine.

Kazi ya kuunakili mkono ule mtu mmoja haiwezi. Ngumi haitoki kwenye plasta ikishakauka, kwa hiyo unalaza uzi juu ya mkono kabla ya kumwaga, na plasta ikianza kushika tu, mmoja anavuta uzi ili kalibu igawanyike vipande viwili, na mwingine anashikilia mkono usitikisike. Ukiwahi, inabomoka. Ukichelewa, uzi unakatika. Faiba alivuka barabara akarudi na uzi wake. Nilikuwa na uzi wangu, lakini nilinyamaza.

"Baba, mwambie mwanao anyooshe huo uzi."

"Baba, mwambie binti yako amwage taratibu, hapigi lipu hapa."

Baba hakumwambia mtu kitu. Plasta ikaanza kukauka, na plasta ikikauka huwa inatoa joto. Mimi nilikuwa nimekumbatia kifundo cha mkono wake, Faiba ameshika uzi, vichwa vyetu karibu vigongane. Nilisikia harufu ya sabuni yake, ileile ya nyumbani.

"Ni ya moto?" Baba akauliza. Upande ule hausikii kitu.

"Ndiyo, Baba," tulisema wote kwa pamoja, na kila mmoja akamchukia mwenzake kwa kuwahi.

Faiba alivuta uzi. Alivuta vizuri, siwezi kusema uongo.

Padri, ambaye kiti hakikumtosha kwa wasiwasi, aliuliza lile lililobaki. "Sasa, Mzee, kule juu tupandishe wa kulia wa nani?"

Baba alifumba macho. Nilimwona Faiba anavuta pumzi, amejipanga, ana hoja zake zote mdomoni. Tangu utoto ninamjua uso huo. Na hapo ndipo nilipopata pa kumpiga.

"Chukueni wake," nilisema.

Faiba alikuwa amekuja na vita nami nikamnyima. "Wangu ni wa zege, mzito," nilimwambia Padri. "Wa kushoto nitaukuza mimi."

Jumapili Askofu aliweka mfupa kwenye kiganja cha faiba. Watu wanapanda kilimani, wanapiga magoti, wanapiga picha, na mwongoza wageni anataja jina la mdogo wangu. Kuhusu mkono wa kushoto kuna wanaosema Mtakatifu ameficha kitu ndani ya ngumi, na kuna wanaosema amekasirika. Siwarekebishi. Ilinichoma, na bado inanichoma nikisikia jina lake kule juu.

Ule wa kulia niliotengeneza mimi, kreni iliurudisha uani, kwa sababu hapakuwa na pa kuuweka. Zege linashika jua. Jioni ninamtoa Baba kwenye kiti, ninamkalisha ndani ya kiganja chake mwenyewe, mgongo kwenye vidole, na ile ngumi yake ninailaza penye joto. Faiba anatuona kutoka mlangoni kwake. Hajavuka, wala mimi sijamwita.

Wageni wakija kumjulia hali, Baba anatikisa kichwa upande wangu na kusema kwa ule mdomo wake wa pembeni, "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia." Mimi ninakuwa nimesimama nyuma ya lile zege, na hawajui kama anasema mimi au anasema alichokalia. Mimi pia sijui. Na kama kawaida ya nyumba yetu, sijauliza.