Unga Chini ya Mnara

Abiti Likongwe alikuwa bado na nywele za msiba. Mumewe, Che Nampuntha, alikufa vitani Mahiwa na mwili haukurudi. Bila kaburi la kumwagia unga, ukoo haukuwa na pa kumwuliza marehemu kama amemwachilia mkewe, na bila jibu lake mjane hanyolewi.

Kisha serikali ikajenga mnara wa mawe Zomba, wa kuwakumbuka waliokufa vitani. Alasiri ya kuamkia uzinduzi, Abiti alimkuta mlinzi, Che Saiti, koplo wa zamani, akisugua ngazi.

"Kaka, nionyeshe jina lake."

"Halipo, dada. Majina ni ya maofisa." Aligusa mstari wa mwisho. "Hapa wameandika: na askari wao. Yumo humo."

"Peke yake?"

"Na wenzake wote."

"Basi unga wangu hautoshi. Walafi wale!"

"Mlafi alikuwa mumeo. Posho yangu aliimaliza yeye."

Abiti alicheka, akapiga magoti, akaumwaga unga polepole mpaka ukawa kilima chenye ncha. Kikikutwa asubuhi kimesimama, marehemu amekubali. Kikibomoka, amekataa.

"Dada, nimeamriwa pasionekane hata vumbi."

"Basi fagia. Nitajua amekataa."

Che Saiti aliutazama ufagio. Akamwaga maji ya ndoo, akaikausha, akaufunika unga nayo.

Jioni ofisa alikuja kukagua.

"Ndoo hiyo ya nini?"

"Saruji mbichi, bwana. Ikikanyagwa itaharibika."

"Kesho nisiikute."

"Ndiyo, bwana."

Kulipopambazuka Abiti alifika na kaka yake, Che Kumbulani, mkuu wa ukoo. Ndiye aliyeinua ndoo. Kilima kilikuwa kimesimama, ncha yake haijaguswa. Ndoo huzuia upepo na kuku, na Che Kumbulani hakuwa mjinga.

"Nani kaweka ndoo?"

"Mimi," alisema Che Saiti.

"Kwetu unga hufunikwa kwa chungu."

"Jeshini hakuna vyungu, Che Kumbulani. Nampuntha alikula kwenye ndoo kama sisi sote."

Mzee alikiangalia kile kilima kwa muda. Kisha akafungua fundo la nguo yake. Wembe alikuwa ameutia makali tangu nyumbani.

"Kaa chini, dada yangu."

Walimnyoa nyuma ya kibanda cha mlinzi, tarumbeta zikijaribiwa uwanjani. Che Saiti hakutumia ufagio. Aliukusanya unga kwa viganja, akausukumia katika ufa kati ya mawe mawili, chini ya ule mstari wa mwisho.