Mishale ya Chaki

Fundi cherehani mmoja hakuwahi kuuliza njia maishani mwake, na si kwamba alizijua njia zote. Aliona haya tu. Mtu mzima na mvi zake, asimame barabarani kuuliza kama mtoto aliyetumwa chumvi akasahau duka? Thubutu.

Asubuhi hiyo alimwacha dada yake mkubwa kwenye nyumba ya wageni karibu na bandari, macho yote mawili yamefungwa bandeji. Walikuwa wamesafiri siku mbili kuja kuyafanyia upasuaji, na daktari aliwaonya kwamba bandeji isiguswe na hata tone la maji. Saa tisa walitakiwa kupanda meli warudi kwao, na mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Ndiyo maana Fundi akatoka kutafuta mwavuli.

Ili asipotee, alitumia akili ya kazini. Kila kona aliyokata aliichorea mshale ukutani kwa chaki yake ya kuchorea vitambaa. Mwavuli aliupata duka la tano, mpana wa kuwatosha wawili. Akaubana kwapani na kugeuka kurudi.

Kona ya kwanza haikuwa na mshale. Ya pili ilikuwa ukuta mtupu unaochuruzika maji. Hapo ndipo akakumbuka kuwa sifa kubwa ya chaki ile ni kutoka ikiguswa na maji. Yeye mwenyewe huwaambia wateja hivyo kila siku. Alijiona mjinga wa kutupwa.

Akashika njia ya ghala moja, akatokea kwenye ngazi zinazoishia majini. Akarudi, akakuta ghala jingine lenye mlango uleule wa kijani, au pengine lilikuwa lilelile. Duka la kamba alilipita mara tatu. Mara ya tatu mwenye duka alimtazama, naye akajifanya anakagua kamba. Kichwa kilimzunguka, hata kushoto na kulia vikaanza kumchanganya. Na bado hakuuliza.

Saa saba ikapita. Mpakia mizigo mmoja aliyejikinga kwenye kibaraza ndiye aliyemsemesha.

"Samahani, mzee. Wewe ndiye fundi mwenye dada wa bandeji?"

Fundi alikubali. Yule bwana akamwambia kwamba mama huyo alikuwa akipapasa kuta mtaa mzima, akimwuliza kila mpita njia kama amemwona mdogo wake. Akamwelekeza kwa kidole mtaa wa pili.

Alimkuta katikati ya mvua, ameshika nguzo. Khanga ilimganda mwilini, na bandeji ilikuwa imelowa chapa. Fundi alifungua mwavuli, akamkinga.

"Dada, mimi hapa."

"Nilijua umepotea, na nilijua hutauliza." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Daktari tutamwambia nilijimwagia maji nikinawa."

Tangu utotoni dada alimfichia makosa hivyo, kuanzia vioo alivyovunja hadi vitambaa alivyokata vibaya.

"Hapana," akasema. "Tutamwambia nilipotea, nikaona haya kuuliza."

Akamshika mkono dada yake, akamsimamisha mtu wa kwanza aliyepita, akamwuliza njia ya kwenda hospitali.