Gari la Kumlaza Mama

Nilimpima mama akiwa amelala, na hilo ndilo kosa langu. Mengine yote niliyafanya sawasawa.

Tulikuwa na gari la zamani, salun iliyokaa chini mno. Mama alikuwa na uvimbe kwenye uti wa mgongo. Kumwingiza ndani ya gari lile kulitaka watu wawili, na kumtoa watatu. Hospitali ya mionzi iko mwendo wa saa tatu na nusu kutoka kwetu, na nusu ya njia ni mashimo matupu. Daktari alikuwa ametuandikia safari kumi na mbili, kila Alhamisi. Ya kwanza mama alikaa kiti cha nyuma akiuma leso njia nzima. Ya pili alitapika mara nne, na tulipofika nyumbani alibaki ndani ya gari karibu saa nzima kwa sababu hakutaka kuguswa.

Jioni ile niliamua tununue gari ambalo mgonjwa anaweza kulala.

Mimi ni mkuu wa ghala la vifaa vya shule. Nina diploma ya ugavi, na kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuhakikisha kitu kinaingia mahali kinapotakiwa kuingia. Mahitaji niliyaandika nyuma ya fomu ya kupokelea mzigo. Liwe fupi, kwa sababu geti letu ni jembamba na baba watoto keshalikwaruza mara mbili. Liwe la juu, lakini si la kupanda kwa ngazi. Springi ziwe laini. Siku nyingine libebe watoto watatu na mabegi yao, Alhamisi kiti kiwe kitanda, Ijumaa kirudi kuwa kiti.

"Hilo ni gari au kinyonga?" akauliza baba watoto.

Nilimwambia alete wazo la maana au akaoshe vyombo. Akaenda kuosha vyombo.

Magari ya namna hiyo yapo, ila ni ya kifahari. Tuliamua kuuza kiwanja tulichokiweka kwa ajili ya uzee wetu, na sina la zaidi la kusema juu ya hilo.

Kikabaki kipimo. Vijitabu vya wauzaji vinasema "nafasi ya kutosha". Ghalani kwangu mtu akiniandikia hivyo namrudishia karatasi yake. Nilitaka kujua urefu wa mama, na ule wa kwenye kitambulisho ulikuwa wa ujanani, kabla mgongo haujamla. Basi alasiri moja nilimkuta amelala chali, macho yamefumbwa. Nikachukua futi ya chuma ya marehemu baba kwenye droo, nikampima kutoka utosini hadi kisiginoni. Mita moja na sentimita hamsini na nane. Nikampima na mabega. Sikumwamsha, kwa sababu angesema tusihangaike.

Baba alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda, madawati na majeneza, na majeneza ndiyo yaliyonisomesha. Lakini siku ile nilikuwa nafikiria gari tu.

Alhamisi iliyofuata mama alisema, "Siendi." Akageukia ukutani.

Wala sikukaa kitandani kumbembeleza. Nilidhani sababu naijua: ni mateso ya salun. Nikaongeza kasi. Hata hivyo, kuuza kiwanja si kuuza nyanya. Alhamisi nne zilipita, na kila Alhamisi jibu lake lilikuwa lile lile. "Nendeni kazini. Mimi niacheni hapa."

Siku ya kwenda kwa muuzaji, kitinda mimba wetu, mwenye miaka saba, ndiye aliyemtoa chumbani. Alimwambia bibi yake kwamba asipokuja, mimi nitachagua gari la rangi ya ghala. Mama akacheka, akakubali. Tulimpeleka taratibu, umbali wa mitaa mitatu tu, tukamkalisha kwenye kiti cha mikono katikati ya yale magari yanayong'aa.

Muuzaji alikuwa mwanamume mwembamba mwenye tai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Legeza hiyo tai, baba, usije ukanitangulia."

Muuzaji akailegeza. Akafungua daftari, akaniuliza familia ina watu wangapi.

"Sita," nikasema.

"Watano," mama akasema kutoka kitini.

"Mama, tuko sita."

"Wewe hesabu za ghala unazijua. Hizo nyingine niachie mimi."

Muuzaji alitazama kalamu yake. Sijui aliandika ngapi.

Gari la kwanza lilikuwa la kijivu, lenye safu tatu za viti. Nilimuuliza safu ya mwisho anakaa nani. Akasema hata mtu mzima anakaa vizuri kabisa.

"Kaa wewe."

Akaingia. Magoti yalimfika kidevuni.

"Tuendelee na lingine, mama," akasema kutoka huko huko nyuma, na baba watoto akamvuta mkono kumtoa.

La pili lilikuwa la bluu, dogo kuliko lile. Viti vyake vya nyuma vilisogea mbele na nyuma juu ya reli, na kila kimoja kilikunjwa peke yake. Kiti cha abiria wa mbele kililala chote mpaka kikakutana na cha nyuma yake, pakawa kama kitanda kirefu cha ngozi, na bado nyuma ya dereva mtoto angeweza kukaa. Muuzaji alisema kukirudisha ni sekunde nne. Nilihesabu. Ni kweli, nne.

Nikatoa futi mkobani, nikapima.

"Mita moja na sabini na mbili," nikamwambia baba watoto. "Anatosha. Ana hamsini na nane, zinabaki kumi na nne za mto."

"Nani ana hamsini na nane?" mama akauliza.

"Wewe."

"Ulinipima lini?"

"Mwezi uliopita. Ulikuwa umelala."

"Sikuwa nimelala."

Aliitazama futi mkononi mwangu. Ni ya chuma, imechakaa pembeni, na namba za mwanzo zimefutika kwa kidole gumba cha baba.

"Kumbe ulikuwa unapimia gari," akasema.

"Nilikuwa napimia gari, mama. Ulidhani nini?"

"Miaka thelathini na minne nimeishi na futi hiyo ndani ya nyumba. Baba yako akitoka nayo alasiri, ananiambia anakwenda kwa mteja asiyelalamika. Sijawahi kuiona ikimpima mtu aliyelala halafu mtu huyo akaamka." Alinyoosha leso mapajani. "Nikasema, ikiwa mwanangu amekuja na futi, basi daktari amemwambia jambo ambalo mimi sijaambiwa. Sasa ya nini kuwachosha na safari?"

Kwa hiyo haikuwa salun. Alhamisi nne alilala akitazama ukuta, akijua nimeshampima, akiningojea nimalize maandalizi yangu. Nami kila asubuhi nilimletea uji nikamwambia ajikaze.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikasema. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka.

"Na wewe kwa nini hukuniamsha?"

Muuzaji alikuwa anafuta kioo cha gari la kijivu, kioo ambacho kilikuwa safi tayari. Baba watoto alimshika mwanetu mkono wakaenda kutazama matairi. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa mlango wa gari la bluu, na kwa mara ya kwanza tangu mama augue sikuwa na kazi ya kufanya mikononi.

"Haya, nilazeni humo," mama akasema. "Tuone hesabu zako."

Tukambeba. Alilala juu ya ile ngozi, miguu imenyooka, na kitinda mimba akaingia upande wa dereva, nyuma, akakaa kando ya kichwa chake.

"Unatosha, bibi?"

"Natosha. Ila kwa hiki kioo cha paa naona taa za darini zina vumbi. Mwambie yule wa tai."

Alhamisi iliyofuata alikwenda. Hakuuma leso. Alilala akitazama juu kupitia kioo cha paa, akitutajia mawingu na nyaya za umeme, na akilalamikia udereva wa baba watoto kwenye kila shimo. Tulikwenda safari tano hivyo. Ya sita ilipofika, hakuweza tena kubebwa kutoka kitandani.

Nilimuuliza daktari kama zile Alhamisi nne zingebadilisha kitu. Akasema hapana. Nikamuuliza tena siku nyingine, akasema hapana vile vile. Ni mtu mpole yule daktari, kwa hiyo mpaka leo sijui.

Mama alifariki Jumapili adhuhuri, mimi nikiwa jikoni.

Fundi aliyekuja kwa ajili ya jeneza alijifunza kazi kwa baba. Alipofika mlangoni mwa chumba alisimama, akaniuliza kwa adabu kama vipimo ninavyo au apime mwenyewe. Baba watoto alinitazama. Namba nilikuwa nazo kichwani, mita moja na hamsini na nane, mabega arobaini na moja, ningeweza kumtajia na akaondoka bila kuingia.

"Pima," nikasema. "Lakini ngoja kwanza."

Nikaingia, nikainama karibu na sikio lake.

"Mama, fundi amekuja. Tunakupima sasa. Safari hii si gari."

Nikampa fundi futi ya baba, na ncha yake nikaishika mwenyewe pale utosini.