Kistari Mbele ya Namba

Mvi za Kahaso zilikuwa utosini tu, kama chumvi iliyomwagika, lakini huku kwao Kakuyuni mvi haziulizwi ziko ngapi. Ng'ombe wa jirani akifa, mtoto akipata degedege, watu huanza kumtafuta mchawi mwenye kichwa cheupe. Basi Kahaso, mjane mwenye kilima chake na minazi yake, alikuwa akijifungia chumbani na kujipaka piko, rangi nyeusi ya nywele, mpaka nzi akitua ateleze.

Hofu yenyewe ilikuwa na jina. Iliitwa Kalama, mtoto wa shemeji yake, ambaye alikuwa akikitazama kile kilima kama mtu anavyotazama pilau ya jirani.

Kalama alifungua duka la mtandao na bidhaa ndogondogo kando ya barabara. Mtandao ulitoka Malindi mjini: sahani moja juu ya ghorofa huko, ya pili juu ya mlingoti mwembamba uani kwa Kahaso, kwa sababu ndiko juu, zikitazamana kama wachumba. Idah, fundi wa kutoka bara aliyezifunga, alisema hilo ni daraja. Kahaso alilitafuta hilo daraja, hakuona mto wala ubao, akanyamaza asionekane mshamba.

Lakini namba aliielewa, au alidhani ameielewa. Simu ya Kalama ilikaa juu ya kaunta ikionyesha nguvu ya mtandao. Mchana Kahaso akipita huona hamsini na saba. Jioni, akishamrudisha mbuzi wake kutoka malishoni na kumfunga uani, hushuka kununua chumvi, na namba imekuwa themanini na nne. Alisoma mpaka darasa la nne. Themanini na nne ilikuwa kubwa tangu siku hizo.

"Mnaona?" aliwatambia vijana dukani. "Mimi nikiwa porini, hamsini na saba. Nikifika tu nyumbani, themanini na nne! Mtandao wenu unanitaka mimi, nyinyi mnanuka jasho."

Walicheka. Kalama naye alicheka, ingawa kila jioni mtandao ulikufa, mpira ukaganda mchezaji mguu juu, na wateja wakaondoka wakimtukana.

Ndipo akamwita Idah. Alifika jioni kwa pikipiki, akaichukua simu, akaguna.

"Themanini na nne. Imeisha hii."

"Imeishaje, na ndiyo kubwa?" Kahaso aliuliza, chumvi yake mkononi.

"Shosho," Idah alisema, akimwita bibi kwa neno la kwao bara, "ona hiki kistari mbele. Ni hasi. Chukulia kisima: hii namba ni kamba. Kamba ndefu, maji yako mbali. Hamsini na saba unachota vizuri. Themanini na nne, unasikia tu ndoo ikigonga mawe."

Kahaso aliona macho ya duka zima yakimgeukia, moja moja, kama kuku wanaosikia mahindi yakimwagwa.

"Si alisema mwenyewe?" Mwambire, rafiki yake Kalama, alisema polepole. "Akifika nyumbani ndiyo inakuwa themanini na nne."

"Kila siku alisema," Kalama akaongeza. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomtisha Kahaso. "Hawe, umefanya nini kwenye ule mlingoti?"

Hawe, yaani bibi. Kumbe mtu anaweza kuitwa bibi kwa adabu zote huku anachimbiwa kaburi. Nje watu walianza kukusanyika. Mmoja alikuwa na panga. Alitoka kukata makuti, lakini hakuliweka chini.

"Jamani, ni vyuma tu," Idah alisema. "Acheni nipande niangalie."

"Wewe mgeni," Mwambire alimjibu, akaukamata usukani wa pikipiki. "Huku hujui."

Jasho lilimtiririka Kahaso, na piko nalo likafuata, mstari mweusi mpaka kwenye shavu. Akajua wanamwona anavyochuja. Alitaka kukimbia, akakumbuka kwamba anayekimbia hafiki mbali kwenye barabara iliyojaa watu. Basi akashika kitu pekee alichokuwa nacho, ulimi.

"Kama ni mimi, nitoeni," alisema. "Nipelekeni mpaka njia panda. Fundi abaki na simu. Nikiwa mbali na namba isiposhuka, mtamtafuta mchawi mwingine. Kalama, wewe una kitambi, unafaa."

Hakuna aliyecheka. Lakini walimpeleka, wakimzunguka pande zote, naye akitembea akisikia panga likikwaruza suruali nyuma yake. Walipofika njia panda, Mwambire akapaza sauti: "Ngapi?"

"Themanini na nne!" Idah akajibu kutoka dukani.

"Anairoga kwa mbali," mtu akanong'ona.

Hapo Kahaso aliona amekwisha. Akainua macho aangalie nyumba yake kwa mara ya mwisho, na kutoka pale njia panda aliuona mlingoti wote, mweusi dhidi ya mbingu. Ile sahani ilikuwa ikitikisa kichwa. Inainama, inarudi kidogo, inainama, kama mlevi anayekataa kwenda nyumbani. Na kamba ilitoka kwenye mlingoti, imekaza, mwisho wake mbuzi wake akijivuta kuufikia mkunazi ulio ng'ambo ya ua.

"Mfungueni mbuzi!" alipiga ukelele. "Mfungueni yule mwanaharamu!"

Mwenye panga ndiye aliyekimbia. Kamba ilikatwa, mlingoti ukasimama wima.

"Sabini!" Idah aliita. "Sitini na mbili... Hamsini na saba!"

Dukani mpira ukaanza kuguruma. Mmoja mmoja walishuka kwenda kutazama, wengine wakimpa Kahaso pole bila kumwangalia usoni. Kalama alibaki nyuma.

"Tumesameheana, Hawe?"

"Tumesameheana, mwanangu. Na huo mlingoti utauhamisha kesho."

"Niupeleke wapi? Kilima ni chako peke yako."

"Ndiyo," Kahaso alisema. "Ni changu."

Alijifuta shavu kwa ncha ya leso, akapita dukani. Chumvi alikuwa nayo tayari. Alinunua piko, paketi mbili.