Mto Ulioomba Ruhusa

Asubuhi hiyo Mzee Owiti alisimama kando ya kitanda chake katika wodi ya wagonjwa wa akili, akashika kiuno, akawatangazia watu wote: "Mimi ndiye Owiti, wuod Nyakach, mwana wa Nyakach, sindano isiyopinda. Nikishona suti, hata bibi harusi anamsahau bwana anaangalia koti. Nikifika Sondu, mto unaniomba ruhusa ndio upite."

Hiram Wachira, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu, alikuwa karibu na mlango, na moyo wake uliruka kwa furaha. Si kwamba alimtakia mzee mabaya. Ila mzee huyo ndiye mgonjwa aliyepangiwa kwa ajili ya mtihani wa vitendo, na tangu apangiwe hakuwa ameambulia neno. Faili ilisema ni sonona, ile huzuni inayomkalisha mtu akitazama ukuta hadi ukuta wenyewe uchoke. Sasa ghafla amepewa dalili nono, iliyotoka kitabuni nzimanzima. Akaandika: imani potofu za ukuu. Akaipigia mstari.

Tumwonee huruma kidogo. Muhula uliopita Hiram alikuwa ameanguka mtihani huu huu. Alikuwa amemuuliza mgonjwa mmoja, mvuvi wa Dunga, swali kama lilivyoandikwa: "Je, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" Mvuvi yule, ambaye maswali yalikuwa yamemfika shingoni, alimjibu, "Nasikia yako. Hawa wengine wamelala." Hiram akaandika kwamba mgonjwa anasikia sauti. Mwalimu Nelima, mwanamama wa Bungoma aliyewafundisha afya ya akili, aliisoma sentensi hiyo mbele ya darasa bila kutia chumvi, na darasa lilicheka mpaka kengele ikalia.

Akianguka mara ya pili, angerudia mwaka. Mama yake, Bilha, kule Murang'a, alikuwa tayari ameshaliambia kanisa zima kwamba mwanawe yuko Kisumu anatibu watu, na Hiram hakuwa na ubavu wa kumweleza ukweli. Tangu siku ile ya kicheko alikuwa akipita kwenye korido ameambaa ukuta, kama mtu anayepisha machela. Aliacha kukaa mbele darasani. Aliacha kuuliza maswali. Alijiona mdogo, na aliona haya kwa kujiona mdogo, na hayo yote alikuwa akiyabeba peke yake.

Wodini asubuhi hiyo mambo yalikuwa yanaharibika. Dishon, mkulima wa Kombewa aliyelazwa kitanda cha pili, alipiga makofi na kuinuka. "Owiti, nimekusikia. Mimi Dishon, nikipiga mluzi Kombewa, ng'ombe wanajipanga kwa laini wenyewe." Jamaa wa dirishani naye akadai kwamba mvua ya Ahero haianzi kabla hajaanua nguo zake. Hiram alikuwa amesoma kwamba magonjwa ya akili hayaambukizi, na sasa alikuwa akishuhudia moja likiruka kutoka kitanda hadi kitanda. Kisha Sista Achola, mkuu wa wodi, mama mzima mwenye kofia na saa kifuani, akaingia na sinia la dawa na kusema bila hata kusimama, "Nyar Kendu, binti wa Kendu, nikipita, homa inapiga saluti." Wodi nzima ikaangua kicheko. Hiram alibaki ameishika kalamu hewani, akijiuliza kama maadili ya kazi yanamruhusu kumwandika hata sista.

Angemuuliza Lorine, mwanafunzi mwenzake aliyezaliwa palepale mjini, angepata jibu kabla ya chai. Lakini Lorine alikuwa mmoja wa wale waliocheka. Kwa hiyo Hiram alikwenda maktaba, akaisoma sura yote, akarudi na mapendekezo: mzee asiruhusiwe kwenda nyumbani Ijumaa kama ilivyopangwa, na daktari aangalie upya dawa zake.

Siku ya mtihani Mwalimu Nelima alikaa kwenye kiti cha plastiki miguuni pa kitanda. Sista Achola alisimama upande mmoja. Mzee Owiti alikaa kitandani, mikono mapajani, kwa adabu ya mtu aliyealikwa kwenye mkutano wa wazazi.

Hiram alianza vizuri. Alieleza usafi wa mgonjwa, usingizi wake, hamu yake ya kula. Kisha akafungua ukurasa aliopigia mstari. "Kuhusu fikra, Mwalimu, mgonjwa ana imani potofu za ukuu. Anaamini kwamba Mto Sondu humwomba ruhusa ya kupita."

Sista Achola aligeuka akawa anakagua dirisha ambalo halikuwa na tatizo lolote. Uso wa Mwalimu Nelima haukusogea.

"Anaamini?" akauliza. "Ulimuuliza?"

"Alisema, Mwalimu."

"Kusema nimesikia. Muulize kama anaamini."

Hiram aligeuka. "Mzee, ni kweli kwamba mto hukuomba ruhusa?"

Mzee Owiti alimtazama, na huruma ikamjaa usoni. "Kijana, mto unaweza kuongea?" Halafu akamgeukia mwalimu na kupunguza sauti, ingawa Hiram alikuwa hapo hapo. "Madam, huyu kijana ako sawa kweli? Tangu nikuje hapa haongei na mtu, anatembea akishika ukuta, na sasa mto inamwongelesha. Mimi naogopa kuenda nyumbani nimwache hivi."

Kwenye kitanda cha pili blanketi la Dishon lilianza kutetemeka.

"Mwambie hiyo ulikuwa unafanya ni nini, Mzee," alisema Mwalimu Nelima.

"Hiyo ni pakruok yetu Wajaluo. Mtu anajisifu, watu wanafurahi." Mzee alionekana kushangaa kwamba jambo hilo linahitaji maelezo. "Hata niliifanya kwa Kiswahili kwa ajili yako, Wachira, ndio usikae kama mgeni."

Katika wodi nzima, mtu pekee aliyekuwa ameuona upweke wa Hiram ni huyu ambaye Hiram alimwandika kuwa amechanganyikiwa.

"Lakini haufanyi peke yako," mzee aliendelea, sasa akiitazama mikono yake. "Lazima mtu aitikie. Mke wangu Selpha alikuwa fundi wa hiyo kazi. Mimi niko kwa cherehani nasema mto unaniomba ruhusa, yeye ako jikoni anajibu, 'Na ukishaupa ruhusa, chukua mtungi uniletee maji.' Watu wa Katito walikuwa wanasimama barabarani kutusikiza. Kisha tukamzika wakati wa mvua. Siku moja nikajisifu, nyumba ikanyamaza. Nikafunga cherehani. Nikafunga na mdomo. Sasa juzi nikasema wacha nijaribu hapa, na huyu Dishon akaitika."

Hiram alizitazama karatasi zake, maandishi yake mazuri, mstari wake ulionyooka. Alijua kwamba asipokiri kosa lake angeweza kuitetea ripoti. Neno "utamaduni" lilikuwa hapo ulimini kama kisingizio, na lingemwokolea nusu ya alama. Lakini mzee angebaki na doa hilo kwenye faili.

"Mwalimu, nilikosea," alisema. "Mzee si mgonjwa kwa kujisifu. Ndiyo dalili ya kwanza kwamba anapona, na mimi niliiandikia dawa. Naomba Ijumaa aende nyumbani."

"Alama za hapo umezipoteza."

"Najua."

"Haya. Anaenda nyumbani." Mwalimu Nelima aliegemea mbele. "Huko nyumbani nani atamwitikia?"

Hakuna kitabu kilichokuwa na sura hiyo. Hiram alimtazama Sista Achola, ambaye hakumsaidia. Alimtazama mzee.

"Majirani wananiambia pole tu," alisema Mzee Owiti. "Pole, pole, kila siku. Mtu hawezi kuitikia na pole."

"Jisifu, Mzee," alisema Hiram. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nijaribu."

Mzee alimpima kwa macho kama anayempima kwa futi ya kitambaa. Kisha akasimama polepole, akashika kiuno. "Mimi ndiye Owiti, wuod Nyakach. Bila mimi Katito nzima ingetembea uchi."

Hiram alimtazama kuanzia juu hadi chini, suruali ya hospitali ikiwa imeishia kwenye ugoko. "Katito imevaa," alisema, "na fundi mwenyewe suruali imemkimbia."

Mzee Owiti aliinama akaitazama suruali. Akaitazama kwa muda mrefu, na Hiram akahisi kwamba ameharibu kila kitu. Halafu mabega ya mzee yakaanza kutikisika, akakaa kitandani akicheka huku machozi yakimtiririka, asiyafute. "Selpha," alisema. "Hiyo ni ya Selpha kabisa." Sista Achola alitoa kitambaa mfukoni, na hakumpa mzee, alikitumia mwenyewe.

"Sasa wewe," alisema mzee alipopata pumzi. "Wewe ni nani?"

"Hiram Wachira, mwanafunzi wa mwaka wa..."

"Hiyo ni ya kitambulisho. Simama mbali na huo ukuta useme wewe ni nani."

Hiram alisogea katikati ya wodi. Alitafuta kitu cha kujisifia na hakuona, kwa hiyo akachukua kile alichokuwa nacho. "Mimi ni Hiram, mwana wa Bilha," alisema. "Nilianguka mtihani huu mbele ya darasa zima." Akasita. "Na nikarudi."

"Na ukaanguka tena," akaitika Dishon kutoka chini ya blanketi.

Wodi ililipuka kwa kicheko, na Hiram akajikuta anacheka pamoja nao, kichwa juu, kwa muda mrefu, kabla hajakumbuka kumtazama Mwalimu Nelima.